Somo la Afya: Faida ya Tibakemia Baada ya Upasuaji wa Saratani ya Utumbo Mpana

Mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana anaporejea nyumbani baada ya upasuaji, ndugu na majirani humpokea kwa shukrani. Uvimbe umeondolewa, kidonda kinafunga, chakula kinapita na nguvu zinarudi. Wiki chache baadaye hupewa rufaa ya kwenda Dodoma, Mwanza au Dar es Salaam kuanza dawa za saratani. Hapo ndipo kaya nyingi hujiuliza: kwa nini mtu aliyekwisha kupona apelekwe mbali kupewa dawa kali, kwa gharama ya nauli, malazi na siku za kazi?

Swali hilo ni la haki na lina jibu. Somo hili linaeleza kazi ya dawa hizo, nani hunufaika nazo na kwa kiasi gani, kwa nini haziwezi kusubiri msimu wa mavuno upite, na namna kaya inavyoweza kumsaidia mgonjwa amalize tiba yake salama.

Ugonjwa ambao zamani ulionekana kwa nadra

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula, unaofyonza maji na kukusanya kinyesi kabla hakijatoka. Saratani yake mara nyingi huanza kama kinundu kidogo kwenye ukuta wa ndani, na kinundu hicho huweza kuchukua miaka kama 10 kabla ya kugeuka saratani. Kwa mwaka 2022 ilikadiriwa kuwa watu wapatao milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana, na zaidi ya 900,000 walifariki kwa ugonjwa huo.

Kwa muda mrefu ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa wa nchi tajiri. Daktari Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi ya upasuaji katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliona kuwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana walikuwa wachache sana katika wodi za Afrika Mashariki. Mwaka 1971 alichapisha hoja kwamba chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, kama nafaka zisizokobolewa, maharage na mboga, kilikuwa kinga mojawapo. Hali imebadilika tangu wakati huo. Uchambuzi wa kumbukumbu za Hospitali ya Taifa Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road za mwaka 2005 hadi 2015 ulionesha ongezeko la wagonjwa wa saratani hii nchini.

Dalili zake hufanana na za maradhi mengine: damu kwenye choo, mabadiliko ya choo yanayodumu kwa wiki kadhaa, tumbo kusokota, upungufu wa damu usio na sababu inayojulikana, na kupungua uzito. Wengi hudhani ni bawasiri, amiba au vidonda vya tumbo, na hufika hospitali utumbo ukiwa umekwisha kuziba. Mtu mzima mwenye damu kwenye choo isiyoisha anapaswa kuchunguzwa kwa kamera ya utumbo mpana kabla ya kuendelea na dawa za kubahatisha.

Kisu huondoa kinachoonekana

Upasuaji ndiyo tiba kuu ya saratani ya utumbo mpana ambayo haijasambaa. Daktari hukata kipande cha utumbo chenye uvimbe pamoja na tezi za limfu zilizo jirani, kisha huunganisha sehemu zilizobaki au huweka mfuko wa kinyesi tumboni, wa muda au wa kudumu. Bila upasuaji huo dawa peke yake haitoshi.

Hata hivyo jicho la daktari na vipimo vya picha vina mipaka. Kabla ya siku ya upasuaji, seli chache za saratani huweza kuwa zimekwisha kuchopoka na kupita kwenye mishipa ya damu au ya limfu hadi kwenye ini, mapafu au utando wa tumbo. Seli hizo ni ndogo mno kuonekana kwa kipimo cha picha, na mgonjwa hazisikii kabisa.

Mkulima wa mtama na uwele anaifahamu hali ya namna hii kutokana na kiduha. Anaweza kung'oa kila mche wa kiduha uliochomoza shambani na shamba likaonekana safi, lakini mbegu zake, ndogo kama vumbi, zimebaki udongoni zikisubiri msimu ujao. Kwa saratani, upasuaji ndio kung'oa. Tibakemia, yaani tiba ya saratani kwa dawa zinazosafiri na damu hadi kila sehemu ya mwili, inalenga mbegu zilizobaki. Ndiyo maana hutolewa kwa mtu anayejiona mzima: wakati huo seli zilizobaki bado ni chache na ni rahisi zaidi kuuawa. Zikisubiriwa mpaka ziwe uvimbe mpya kwenye ini au mapafu, kwa wagonjwa walio wengi dawa hizohizo huweza tu kurefusha maisha, na nafasi ya kupona kabisa huwa imepotea.

Nani anahitaji dawa, na nani hazihitaji

Si kila aliyepasuliwa hupewa tibakemia. Uamuzi hutegemea majibu ya maabara ya patholojia, ambayo wengi huyaita majibu ya kinyama. Mtaalamu huchunguza kipande kilichokatwa na kueleza uvimbe ulipenya kiasi gani kwenye ukuta wa utumbo, na kama tezi za limfu zina saratani. Ili jibu liaminike, inashauriwa tezi zisizopungua 12 zichunguzwe.

Katika hatua ya kwanza, uvimbe haujapenya ukuta wote na tezi ni safi. Upasuaji unatosha, na kumpa mgonjwa dawa ni kumtesa bila faida.

Katika hatua ya pili, uvimbe umepenya zaidi lakini tezi bado ni safi. Faida ya dawa hapa ni ndogo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2007, wenye wagonjwa 3,239 ambao wengi wao walikuwa wa hatua hii, uliona kuwa dawa ziliokoa maisha ya watu kati ya 3 na 4 katika kila 100. Kwa hiyo daktari hutazama dalili za hatari: utumbo uliokuwa umeziba au kutoboka, uvimbe uliofika kwenye kiungo cha jirani, seli zenye sura ya ukali, au tezi chache mno zilizochunguzwa. Mgonjwa aliyepasuliwa kwa dharura kwa sababu ya utumbo kuziba asidhani kuwa yake yamekwisha. Kuziba huko ni mojawapo ya sababu za kuulizia dawa.

Katika hatua ya tatu, saratani imefika kwenye tezi za limfu lakini haijafika kwenye viungo vya mbali. Hapa ndipo faida ya tibakemia ni kubwa na haina ubishi, na karibu kila mgonjwa mwenye afya ya kuweza kuzihimili dawa hushauriwa azitumie.

Hatua ya nne, ambapo saratani imefika kwenye ini, mapafu au kwingineko, ina mpango wake tofauti. Vivyo hivyo saratani ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo iliyo karibu na njia ya haja kubwa, mara nyingi hutibiwa kwa mionzi na dawa kabla ya upasuaji. Mgonjwa wa puru asijilinganishe na jirani aliyepasuliwa sehemu ya juu ya utumbo mpana.

Faida kwa hesabu ya watu 100

Wachukuliwe wagonjwa 100 wa hatua ya tatu waliopasuliwa vizuri. Kwa makadirio ya wataalamu, wapatao 50 wamekwisha kupona kwa upasuaji peke yake, ingawa hakuna kipimo cha kawaida kinachoweza kuwataja kwa uhakika. Wengine wapatao 20 saratani ingewarudia, lakini dawa huwaponya. Waliobaki, wapatao 30, saratani huwarudia hata baada ya dawa.

Hesabu hii inapaswa kusomwa kwa unyoofu pande zote mbili. Tibakemia si hakikisho: wapo watakaoimaliza na ugonjwa ukarudi, na wapo watakaopata madhara yake ilhali wangepona bila hiyo. Lakini kwa kuwa hakuna anayejua yumo katika kundi lipi, anayekataa dawa anaiacha nafasi ya kuwa miongoni mwa hao 20. Ni watu wengi. Katika kila wagonjwa 5 wa hatua ya tatu, mmoja anadaiwa uhai wake na dawa hizo.

Ushahidi huu ulijengwa kwa miaka mingi. Dawa iliyo msingi wa tiba yote, fluorourasili, ilitengenezwa Marekani mwaka 1957 na Charles Heidelberger na wenzake. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Kampala na Nairobi walionesha jambo lililoushangaza ulimwengu: baadhi ya watoto wenye saratani ya taya, ile iliyopewa jina la Burkitt, walipona kwa dawa peke yake. Kituo kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 kwa ajili ya kazi hiyo ndicho leo Taasisi ya Saratani ya Uganda. Hivyo imani kwamba saratani huweza kuponywa kwa dawa ina mizizi pia katika ardhi ya Afrika Mashariki.

Kwa utumbo mpana, jibu lilipatikana mwaka 1990. Charles Moertel na wenzake nchini Marekani waliripoti kuwa wagonjwa wa hatua ya tatu waliopewa fluorourasili pamoja na levamisoli baada ya upasuaji walipungukiwa na hatari ya ugonjwa kurudi kwa asilimia 41, na hatari ya kufa kwa asilimia 33. Levamisoli wafugaji wanaifahamu, kwa kuwa ni dawa ya minyoo ya mifugo. Tafiti za baadaye zilionesha haihitajiki, na nafasi yake ilichukuliwa na asidi ya foliniki. Yeyote anayesikia kuwa dawa ya minyoo ya ng'ombe hutibu saratani ajue kuwa habari hiyo imepitwa na wakati, na kwamba kuinywa ni hatari.

Mwaka 2004 utafiti wa Ulaya wenye wagonjwa 2,246 ulionesha kuwa kuongeza dawa ya oksaliplatini huboresha matokeo: baada ya miaka 3, wagonjwa 78 kati ya 100 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, ikilinganishwa na 73 waliopewa mchanganyiko wa zamani. Mwaka 2005 ilithibitishwa kuwa vidonge vya kapesitabini, ambavyo mwilini hugeuka kuwa fluorourasili, vinafanya kazi sawa na sindano. Dawa zote hizo zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kwa nini dawa haisubiri mavuno

Tibakemia huanza kidonda kikishapona na mgonjwa akishapata nguvu, kwa kawaida kati ya wiki ya 4 na ya 8 baada ya upasuaji. Uchambuzi wa mwaka 2011 uliojumuisha tafiti zenye wagonjwa zaidi ya 15,000 uliona kuwa kila wiki 4 za kuchelewa huongeza hatari ya kufa kwa takribani asilimia 14. Seli zilizobaki haziachi kuongezeka wakati familia inajadiliana.

Chukuliwe mfano wa mkulima aliyepasuliwa mwanzoni mwa Mei. Anaruhusiwa kurudi nyumbani, na majibu ya kinyama yanaambiwa yatakuwa tayari baadaye. Kijijini alizeti zinasubiri kuvunwa na kupigwa. Familia inakubaliana kuwa zikishauzwa, fedha za safari zitapatikana. Wanunuzi wanachelewa, bei inashuka, na Agosti inafika majibu yakiwa bado kwenye jalada la hospitali. Hakuna aliyekataa tiba katika kaya hiyo, wala hakuna aliyezembea kwa makusudi. Muda tu ndio uliopita.

Njia ya kuukwepa mkwamo huo ni kupanga mapema, siku ileile ya kuruhusiwa kutoka wodini. Mgonjwa au msimamizi wake aulize mambo manne na kuyaandika: kinyama kimepelekwa maabara gani, majibu yatatoka lini, nani wa kupigiwa simu, na rufaa itakuwa ya hospitali ipi. Mwanafamilia mmoja apewe jukumu la kufuatilia majibu hayo hata kama mgonjwa mwenyewe bado amelala. Muda ukiwa umekwisha kupita, mgonjwa asikate tamaa wala kuona haya. Aende upesi, daktari ndiye atakayeamua kama dawa bado zina faida.

Mahali pa tiba na hesabu ya safari

Kwa mkazi wa Singida, hospitali iliyo karibu zaidi yenye huduma ya tibakemia ni Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, takribani kilomita 240 kutoka mjini Singida. Kwa upande wa Kanda ya Ziwa iko Bugando, Mwanza, na kwa Kanda ya Kaskazini iko KCMC, Moshi. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, ndiyo kituo cha taifa cha saratani. Kwa anayepelekwa huko, treni ya mwendokasi iliyoanza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024 imeipunguzia uchovu nusu ya pili ya safari.

Idadi ya safari hutegemea mpango wa dawa, na hapa mgonjwa anayeishi mbali ana haki ya kuuliza. Mpango mmoja hutumia dripu kila baada ya wiki 2, na dawa moja huendelea kuingia mwilini kwa saa 46. Ukitimizwa kwa miezi 6, ni mizunguko 12. Mpango mwingine huanza na dripu ya oksaliplatini ya saa chache, kisha mgonjwa hurudi na vidonge vya kapesitabini anavyomeza asubuhi na jioni kwa siku 14, akapumzika siku 7, ndipo mzunguko mpya ukaanza. Huo ni mizunguko 8 kwa miezi 6, au 4 kwa miezi 3.

Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya pamoja ya tafiti sita zilizofanyika katika nchi 12, zikiwa na wagonjwa 12,834, kuhusu swali la miezi 3 au 6. Kwa wagonjwa wa hatua ya tatu wasio na hatari kubwa, miezi 3 ya mpango wenye vidonge ilileta matokeo yanayokaribiana sana na ya miezi 6. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye madhara: ganzi ya kusumbua mikononi na miguuni iliwapata wagonjwa wapatao 15 kati ya 100 kwa miezi 3, na 45 kati ya 100 kwa miezi 6. Kwa kaya ya Mkalama au Itigi, safari 4 badala ya 8 au 12 huweza kuwa ndiyo tofauti kati ya tiba iliyomalizika na tiba iliyokatishwa. Uamuzi ni wa daktari, kwa kuwa wapo wanaohitaji miezi 6. Kwa waliozidi miaka 70, faida ya kuongeza oksaliplatini ni ndogo, na mara nyingi vidonge peke yake hutosha.

Madhara, na namna ya kuishi nayo

Hofu kubwa ya wengi ni kwamba dawa hizi huua haraka kuliko ugonjwa. Dawa ni kali, na madhara yake lazima yajulikane, lakini mengi huzuilika au hupita. Kichefuchefu kina dawa za kukizuia, na zinapaswa kunywewa kabla ya kutapika. Nywele huweza kupungua, lakini kwa dawa za utumbo mpana kunyonyoka zote ni nadra.

Hatari ya kwanza ni homa. Dawa hushusha seli nyeupe za damu zinazopigana na maambukizi, hivyo bakteria wa kawaida huweza kuua kwa saa chache. Mgonjwa aliye kwenye tibakemia akifikia nyuzi joto 38 au akitetemeka kwa baridi, hiyo ni dharura, iwe mchana au usiku. Asimeze dawa ya kutuliza homa na kulala, wala asinunue dawa ya malaria dukani. Afike kituo cha afya au hospitali mara moja, na neno lake la kwanza liwe kwamba anatumia dawa za saratani, akionesha kadi yake. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini hata kikionesha malaria, bado achunguzwe damu na maambukizi mengine.

Hatari ya pili ni kuharisha. Kuharisha zaidi ya mara 4 kwa siku kuliko kawaida, au vidonda vya mdomo vinavyozuia kula na kunywa, ni sababu ya kusimamisha vidonge siku hiyohiyo na kumpigia daktari. Wapo watu wachache ambao miili yao kwa kuzaliwa haina uwezo wa kutosha wa kuvunja dawa hizi. Kwao madhara makali hutokea katika mzunguko wa kwanza kabisa. Kujilazimisha kumaliza vidonge huku mtu anaharisha vibaya si uvumilivu, kunaweza kumuua.

Ganzi na mchomo wa vidole hutokana na oksaliplatini na huamshwa na baridi. Siku za mwanzo za kila mzunguko, maji ya mtungini, chuma cha jembe alfajiri au upepo wa Juni na Julai katika uwanda wa Singida huweza kuleta maumivu kama ya umeme, na koo likahisi kubana. Maji ya kunywa na kuoga yawe ya vuguvugu, na mgonjwa avae soksi, glovu na shuka. Ganzi isiyoisha kati ya mzunguko na mzunguko iripotiwe, kwa kuwa daktari huweza kupunguza dozi kabla haijawa ya kudumu. Kapesitabini nayo huweza kufanya viganja na nyayo ziwe nyekundu, ziume na kumenyuka. Mafuta ya kulainisha ngozi, viatu vyepesi na kuacha jembe kwa muda husaidia.

Mgonjwa amweleze daktari kila dawa anayotumia: dawa za kifafa, za kuzuia damu kuganda, ARV, na dawa za asili za aina yoyote. Hata vidonge vya asidi ya foliki, ambavyo wajawazito hupewa kliniki, huweza kuongeza ukali wa kapesitabini. Vidonge vimezwe ndani ya nusu saa baada ya kula, visisagwe wala kugawiwa mtu mwingine. Wanaume na wanawake walio katika umri wa kuzaa watumie uzazi wa mpango wakati wote wa tiba, na mama asinyonyeshe. Anayesafisha matapishi au kinyesi cha mgonjwa ndani ya siku 2 baada ya dripu avae glovu na anawe kwa sabuni.

Gharama na mahali pa kuanzia

Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ulioanzishwa kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6, ulipangwa kuhudumia kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwanachama asidhani kuwa kadi hiyo inafika hospitali ya kanda. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023, na kila kaya inashauriwa kuulizia utaratibu wake mapema, kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Asiye na bima wala uwezo asiishie nyumbani. Aanzie kwa mtendaji wa kijiji au mtaa ili hali yake itambuliwe kwa barua, kisha aonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali inayompa rufaa na wa hospitali anakokwenda. Barua hiyo ipatikane kabla ya safari, kwa maana kuifuata kutoka Dodoma ni nauli nyingine.

Gharama nyingi za tiba hii hazionekani kwenye risiti: nauli ya msindikizaji, chakula, na shamba lililobaki bila mtu. Vikundi vya kuweka na kukopa, jumuiya za dini na majirani wamezoea kuchangia misiba. Mchango uleule, ukitolewa miezi michache mapema kama nauli ya mizunguko 4, huweza kuzuia msiba wenyewe.

Baada ya mzunguko wa mwisho

Saratani ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 3 ya mwanzo. Kwa sababu hiyo mgonjwa hufuatiliwa kwa miaka 5: kuonana na daktari na kupimwa damu kila baada ya miezi 3 hadi 6, vipimo vya picha kwa ratiba ya daktari, na kamera ya utumbo mpana takribani mwaka mmoja baada ya upasuaji. Kidonda kidogo kwenye ini kikionekana mapema, wapo wanaopasuliwa tena na kupona.

Mazoezi nayo ni sehemu ya tiba. Utafiti uliotangazwa mwaka 2025, wenye wagonjwa 889 waliokwisha kumaliza tibakemia, uliona kuwa waliofuata mpango wa mazoezi uliosimamiwa kwa miaka 3 walibaki bila ugonjwa kwa wingi zaidi: baada ya miaka 5, 80 kati ya 100 dhidi ya 74. Wengi walitembea kwa kasi tu, na barabara za vijijini zinatosha kwa hilo.

Ndugu wa damu wa mgonjwa, yaani wazazi, kaka, dada na watoto, wana hatari kubwa kuliko watu wengine. Wamweleze mganga habari za ukoo wao, hasa kama mgonjwa aligunduliwa kabla ya umri wa miaka 50.

Ya kushika katika somo hili

1. Upasuaji huondoa uvimbe unaoonekana. Tibakemia hushughulikia seli zilizobaki ambazo hazionekani.
2. Mgonjwa wa hatua ya tatu hunufaika zaidi. Wa hatua ya pili aulize kama ana dalili za hatari. Wa hatua ya kwanza hahitaji dawa.
3. Majibu ya kinyama yafuatiliwe tangu siku ya kutoka wodini, na dawa zianze ndani ya wiki 8.
4. Mgonjwa aeleze umbali wa makazi yake na aulize mpango na idadi ya mizunguko inayomfaa.
5. Homa ya nyuzi joto 38 wakati wa tiba ni dharura, na kadi ya saratani iambatane na mgonjwa popote aendapo.

Mkazi mwenye mgonjwa aliyekwisha kupasuliwa na ambaye hajapata majibu wala rufaa afike katika zahanati ya kijiji au kituo cha afya cha kata akiwa na karatasi zote alizopewa hospitali. Mganga au mhudumu wa afya ngazi ya jamii amsaidie kuhesabu wiki zilizopita tangu siku ya upasuaji na kufuatilia majibu yalipo.